Binti Anataka Kompyuta: Tumpeleke Chuo Gani?



Wiki hii ukumbi huu umepokea barua ya mama mmoja wa Kisauni. Binti yake amepata B+ katika mtihani wa kidato cha nne, na ndani yake Hisabati ina A- na Fizikia ina B+. Anataka kusoma Sayansi ya Kompyuta. Binti mwenyewe amekwisha kuamua: Jomo Kenyatta, kule Juja. Baba yake hataki avuke Kilifi. Mjomba wake, aliyesoma zamani Chuo Kikuu cha Nairobi, anashikilia kwamba chuo ni hicho tu na vilivyobaki vimezaliwa jana. Nyumba ina rai tatu, mama yu katikati, na dirisha la maombi linafungwa baada ya siku kumi. Anauliza ni nani kati yao mwenye haki.

Nitajibu, lakini sitaanza na chuo. Kila mmoja katika nyumba hiyo anazungumzia chuo, na hakuna anayezungumzia somo. Dada yangu, hebu tuanze na hilo.

Wazazi wengi wa kwetu wakisikia kompyuta (au tarakilishi, kama watoto wanavyofundishwa skuli) hufikiria kupiga chapa, kutengeneza mashine iliyoharibika, au zile kozi za miezi mitatu tunazowapeleka watoto wakisubiri matokeo. Shahada hii si hayo. Sayansi ya Kompyuta iko karibu na hisabati kuliko inavyodhaniwa. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hukutana na kalkulasi, aljebra na mantiki, huku akijifunza kuandika programu kwa lugha kama C, Python au Java. Halafu huja mpangilio wa data na algorithimu, yaani elimu ya namna ya kupanga majina milioni moja ili jina moja litakiwapo lipatikane papo hapo. Baadaye huja mifumo endeshi, hifadhidata, mitandao na usalama wake, na mwaka wa mwisho mradi ambao mwanafunzi huubuni na kuujenga mwenyewe. Kwa kawaida ni miaka minne. Mtu asiyependa kukaa saa tatu na tatizo moja lisilotaka kutatulika atateseka Juja, atateseka Nairobi, na atateseka Kilifi vilevile.

Kwa hivyo kabla ya siku kumi hizo kwisha, mwache binti ajaribu. Python haina malipo, na masomo yake ya mwanzo yanapatikana bure. Hata simu yatosha kwa kuonja. Aandike programu ndogo ya kugawanya matumizi ya nyumbani, au ya kuhesabu siku zilizobaki mpaka Ramadhani. Ikimkasirisha kisha akairudia usiku bila kuambiwa, hiyo ni dalili njema kuliko A- yake.

La pili ni jina la shahada, na hapa ndipo watoto wetu wengi huanguka. Katika orodha ya vyuo vya umma utakuta Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari, Teknolojia ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari za Biashara, na pia Sayansi ya Habari. Zinafanana kama pacha na si pacha. Teknolojia ya Habari huelemea upande wa kuziendesha na kuzisimamia mashine na mitandao ya taasisi, na hisabati yake huwa nyepesi zaidi. Ile ya Biashara huchanganya na uhasibu na uongozi. Uhandisi wa Programu hushughulika na kujenga programu kubwa kwa kazi ya pamoja. Sayansi ya Habari, kwa desturi ya vyuo vyetu, ni elimu ya maktaba na uhifadhi wa kumbukumbu, elimu ya heshima kabisa, lakini siyo anayoitaka binti huyu. Kila programu katika kila chuo ina namba yake, na huduma ya serikali ya kupanga nafasi, KUCCPS, husoma namba wala haisomi nia. Soma namba hiyo mara mbili, kisha mpe mtu mwingine aisome.

Tena, aingize mwenyewe. Kijana wa saiba ana wateja arubaini siku hiyo, na nywila ya binti haifai kubaki kwenye daftari lake.

Sasa alama. Barua ya mama inasema "Juja wanataka alama nyingi, basi ni chuo bora." Fikra hiyo imeenea mno, na ni makosa. Alama ya kukatia inayotangazwa haikuwekwa na chuo kama kipimo cha ubora. Ni alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliotangulia, basi. Nafasi zikiwa chache na waombaji wakiwa wengi, inapanda. Mwaka wa pili wakiogopa, inashuka. Ni kama nauli ya matatu jioni ya mvua pale Buxton: imepanda kwa sababu watu ni wengi, si kwa sababu gari limekuwa zuri. Chuo kinachojulikana na kilicho karibu na mji mkuu kitakuwa na alama za juu hata kama maabara yake imechoka.

Na alama yenyewe inayotumika si ile B+ mnayoisherehekea. KUCCPS huchukua masomo manne yanayohusika na shahada, huyachanganya na jumla ya masomo saba, ikatoa hesabu ya mwisho juu ya 48. Katika Sayansi ya Kompyuta Hisabati hutangulia na Fizikia hufuata, na vyuo vingi hutaka C+ isipungue katika yote mawili. Ndiyo sababu wasichana wawili wa darasa moja wenye B+ moja wanaweza kutengana kabisa: mmoja alipata B+ yake kwa Kiswahili, Dini na Historia, mwingine kwa Hisabati na Fizikia. Binti wa barua hii yuko upande mzuri. Hata hivyo, kwa ushindani ulioko Nairobi na Juja yuko mpakani, si ndani. Aingie katika akaunti yake atazame hesabu yake, aiweke kando ya alama za mwaka uliopita, na nyumba nzima ijue ukweli huo kabla ya kugombana.

Hapa niwageukie kidogo kina mama wenye mabinti wadogo zaidi. Fizikia huachwa mwishoni mwa kidato cha pili, mara nyingi kwa sababu mwenzake ameiacha au kwa sababu skuli ya wasichana haina mwalimu wake. Siku hiyo hakuna anayelia, wala baba haulizwi. Mlango wa shahada hii umefungwa siku hiyo hiyo, na sisi tunagundua baada ya miaka miwili. Kwa wale wa mtaala mpya, uamuzi huo umesogea: ni ile njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ambayo huchaguliwa kabla ya kuingia Gredi ya 10. Kaeni na watoto wakati huo, msisubiri matokeo.

Turudi kwenye vyuo. Mjomba ana hoja. Nairobi ilikuwa na taasisi ya sayansi ya kompyuta tangu 1977, wakati ambapo wengi wetu hatujaona mashine hiyo hata kwa picha, na wahitimu wake wametapakaa katika benki, wizara na vyuo vingine, vikiwemo hivyo anavyoviita vya jana. Mtandao wa watu wa namna hiyo humsaidia kijana anapotafuta kazi. Lakini idara husomesha kwa walimu wa leo, si kwa historia. Jomo Kenyatta ilianza 1981 kwa msaada wa Japani kama chuo cha kilimo na teknolojia, ikawa chuo kikuu kamili 1994, na tabia yake ya kufanya kazi kwa mikono bado ipo. Iko Juja, kando ya barabara ya Thika, nje kidogo ya Nairobi. Ama Dedan Kimathi ya Nyeri, Moi, Kenyatta na Maseno, zote ni za umma na zote zina shahada za upande huu. Sitazipitia moja moja, kwani binti hakuziandika, ila asizifute: mara nyingi mtu aliyekosa Juja kwa nukta moja angepata Nyeri kwa raha.

Pwani yetu nataka niitazame kwa urefu, maana tunaisema vibaya sisi wenyewe. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, ndicho kile wazee wetu walichokiita MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ambayo ndani yake mlikuwa na mkono wa Sultani wa Zanzibar na wa Aga Khan, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Mwaka 1966 ikafunguliwa kwa wote kwa jina jipya, 1972 ikawa politekniki, 2007 chuo kikuu kishiriki, na 2013 ikapata hati ya chuo kikuu kamili. Leo ina shahada ya Teknolojia ya Habari na ya Hisabati na Sayansi ya Kompyuta. Waliochangia hawakuwa wanawaza mabinti. Mabinti wameingia, na wanasoma.

Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, nacho kilipata hati 2013. Kina Sayansi ya Kompyuta, na kina jambo ambalo baba wa binti hakulitaja, nalo lingempa hoja nzuri zaidi kuliko ukaribu: mji huohuo una kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichopo tangu 1989. Utafiti wa maradhi siku hizi ni kazi ya data nyingi, na anayejua kuziandikia programu data hizo anatafutwa. Msichana anayependa kompyuta na baiolojia pamoja, Kilifi si chaguo la pili kwake. Mombasa nayo ina bandari, forodha, taasisi ya utafiti wa bahari, na ukumbi wa vijana wa teknolojia na sanaa wa Swahilipot karibu na Ngome ya Yesu. Hata intaneti yenyewe hushukia kwetu: nyaya za chini ya bahari za TEAMS, kutoka Fujairah, na SEACOM zilitua Mombasa 2009, na EASSy ikafuata 2010. Nairobi husubiri kwetu kabla ya kupata.

Hata hivyo nisiwafiche: makampuni mengi yanayoajiri waandishi wa programu yako Nairobi, na nafasi za mazoezi ya kazi zilizo bora ziko huko. Mwanafunzi wa Tudor au Kilifi itampasa azitafute mapema na kwa bidii zaidi, na pengine akae Nairobi miezi mitatu kwa ajili hiyo. Fani hii ina rehema moja, kwamba haina bodi ya kumpa mtu leseni kama ilivyo kwa udaktari au uwakili. Mwajiri hukupa tatizo na kukuambia: tatua. Aliyesoma Kilifi akaandika programu kila wiki kwa miaka minne atamshinda aliyekaa Juja akinakili kazi za wenzake.

Namna ya kuvilinganisha vyuo ni kuwapigia simu walio ndani. Kila chuo nilichokitaja kina wanafunzi wa kutoka pwani, na jumuiya zao za Kiislamu hazifichiki. Waulizwe mambo mahsusi, si "chuo ni kizuri?" Katika maabara, wanafunzi wangapi hutumia mashine moja? Mpangilio wa data anafundisha nani, mwalimu wa kudumu au wa muda anayekimbilia vyuo vitatu? Alama za mitihani hupotea, na zikipotea hupatikana kwa muda gani? Darasa la mwaka wa nne lililopita lilihitimu kwa wakati? Nani huwatafutia nafasi za mazoezi? Majibu ya wanafunzi watatu wasiojuana yana uzito kuliko kijitabu cha matangazo. Ama migomo ya wahadhiri, kama ile ya 2017 na 2018, hugusa vyuo vya umma vyote, kwa hivyo isihesabiwe dhidi ya chuo kimoja. Na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayoidhinisha programu. Hakikisheni ile mnayoichagua imeidhinishwa, hasa ikiwa ni mpya.

Nimefika kwa baba, na hapa nazungumza naye kama shemeji yangu. Hofu yako si ujinga. Binti wa miaka kumi na minane, safari ya usiku kucha kwa basi au saa tano kwa treni, mji usio na shangazi. Hukumu ya safari ya binti ina wenyewe, nami si mmoja wao. Mwulize mwanachuoni unayemwamini. Nitakayoyasema ni ya kawaida tu. Kwanza, usifananishe Juja na nyumbani. Fananisha Juja na Kilifi, kwa sababu Kilifi pia atalala huko. Kilifi ni mwendo wa kilomita sitini hivi, na mwanafunzi mwenye kipindi cha asubuhi na maabara ya jioni hawezi kwenda na kurudi Kisauni kila siku akabaki na akili ya kusoma. Kwa hiyo la kuuliza ni bweni: je, chuo kinampa msichana wa mwaka wa kwanza nafasi ndani ya uzio, au atapanga chumba mitaani? Chumba cha nje Kilifi si salama kuliko bweni la ndani Juja kwa sababu tu kiko pwani. Pili, ni Tudor peke yake ndiko anakoweza kusoma akilala kwake, na kama hilo ndilo sharti lako, basi liseme hivyo waziwazi, ili binti ajue anachagua kati ya shahada za Tudor, asipoteze siku kumi akiota Juja. Mtoto hukubali sharti lililo wazi. Linalomvunja ni "tutaona" inayogeuka "hapana" siku ya kufunga sanduku.

Na wewe binti, kama unasoma: Juja unayoitaka, umeitaka kwa sababu ya somo au kwa sababu ya wenzako wanaokwenda? Sikulaumu kwa jibu lolote. Ila baba akiuliza, uwe na la kumwambia kuhusu maabara na walimu.

Fedha zina mambo mawili tu ya kusema. Aliyepangwa na KUCCPS hulipa tofauti na aliyejilipia mwenyewe, na tangu 2023 serikali imekuwa ikigawa ufadhili na mikopo kwa kuangalia uwezo wa kila nyumba, kwa utaratibu ambao umepingwa mahakamani na kubadilishwa. Tazameni kiwango kilichoandikwa katika barua ya binti wenu, si cha jirani. La pili ni mkopo wa HELB, ambao kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Zipo nyumba ambazo huacha nafasi kwa sababu hiyo kimyakimya, bila kuuliza lolote. Ulizeni. Basari ya kaunti na ya mfuko wa eneo bunge hazina riba, ila fomu zake zina tarehe na huwapita wasiozifuatilia. Jumlisheni pia kompyuta ya mkononi, kwani atakayeingia shahada hii bila yake atasoma kwa kusubiri zamu. Iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya SSD, yamtosha mpaka mwaka wa tatu.

Basi rai yangu, dada yangu, nikiwa nimeulizwa. Ikiwa baba ataridhia bweni la ndani, binti aandike Sayansi ya Kompyuta ya Juja mbele, kwa kuwa yuko mpakani na mpakani mtu hujaribu. Ya Nairobi asiiweke baada yake kana kwamba ni kinga, maana anayekosa moja kwa alama huenda akakosa zote mbili. Chaguo linalofuata liwe lile ambalo hesabu yake inalipita wazi, Pwani au Dedan Kimathi, na Tudor iwe ndani ya orodha. Asijaze orodha nzima kwa vyuo vinavyomzidi alama, akaja kusubiri duru ya marekebisho pamoja na nafasi zilizosazwa. Ikiwa baba hataridhia, Pwani itangulie na Tudor ifuate, na simu za kutafuta mazoezi ya kazi zianze mwaka wa pili.

Wapo kina mama walioniuliza pembeni kama wao wenyewe wamechelewa. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, cha umma pia, kilipata hati 2023 na hufundisha kwa mtandao, zikiwemo masomo ya data. Nitakiandikia siku yake, inshallah.

Na kama binti atapangiwa chuo ambacho hakukitaka, asikatae nafasi kwa hasira. Baada ya majina kutoka, KUCCPS hufungua muda wa kuomba uhamisho kutoka chuo kimoja hadi kingine. Sharti ni kwamba alama zake zifikie zile za programu anayoiendea na nafasi iwepo. Muda huo ni mfupi, na hutangazwa kwenye akaunti ileile ambayo nywila yake, naomba tena, iwe mkononi mwake.